Pasi Iliyotupwa

Sindano hakuitwa hivyo kwa sababu ya wembamba wake, ingawa wembamba alikuwa nao wa kutosha kuwagawia majirani. Aliitwa hivyo kwa kuwa alishona nguo za watu tangu ujanani, na kwa kuwa ulimi wake nao ulichoma palepale palipostahili. Kwa hiyo siku alipotangaza kwamba anaacha cherehani na kwenda kusomea ufundi wa umeme wa jua majumbani, hakuna aliyethubutu kumcheka mbele yake. Walimcheka nyuma yake, na hilo halikumkosesha usingizi.

Sababu yake ilikuwa moja, na aliieleza kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza. Umeme ulikatika akiwa katikati ya zipu ya gauni la bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe amesimama pale dukani na shemizi, analia.

"Nilimaliza kwa mkono," Sindano alikuwa akisimulia, "simu yenye tochi nimeibana kwa meno. Nikajisemea, jua linamwagika nje mchana kutwa bure, mimi nimekaa hapa nasubiri waya wa watu upate afya!"

Cherehani akamkabidhi binti yake, duka akalifunga. Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga.

Uani pa chuo palikuwa na paa la bati lililojengwa chini, kimo cha kiuno, bila nyumba chini yake. Wanafunzi waliliita paa la chini. Hapo ndipo walipojifunza kukanyaga kwenye mstari wa misumari, mahali penye mbao, na si katikati ya bati. Hapo ndipo walipofunga vyuma, wakapandisha paneli, wakaunganisha nyaya na kuzifungua tena mpaka vidole vikazoea. Wenzake wengi walikuwa vijana waliovuta waya kama wanaovuta ng'ombe asiyetaka kuogeshwa. Sindano aliulaza waya kama upindo wa sketi, umenyooka, umebanwa kila baada ya kiganja, na mwishoni ameuachia kipande cha akiba, maana mshonaji asiyeacha akiba hajawahi kumshonea mtu anayenenepa. Walipofundishwa kwamba jua halina swichi, kwamba paneli ikishaona mwanga inatoa umeme hata ukiikataza, na kwamba lazima ifunikwe kabla ya kuunganishwa, wenzake walienda kutafuta mablanketi makuukuu. Yeye alimwendea binti yake, akashona vifuniko vya darasa zima kwa turubai, vyenye kamba kila pembe visipeperuke. Mwalimu alivigeuza nje ndani akitafuta kasoro, na alipoikosa akaguna tu.

Huyo mwalimu walimwita Mwalimu Wati, kwa kile kipimo cha umeme, naye alilijua jina hilo na kulipenda kuliko alivyokubali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyarudia kila siku.

"Kazi ya kwanza ya fundi siyo kupanda paa," alisema. "Kazi ya kwanza ni kukaa sebuleni na kuuliza. Nyumba hii inachomeka nini? Ukishajua, ndiyo unachagua inveta."

Inveta ni kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani. Stoo ya chuo ilikuwa nazo za aina mbili, ndogo na kubwa, na jibu la sebuleni ndilo lililoamua nyumba ipewe ipi.

"Watu watawadanganya," Mwalimu Wati aliongeza. "Wataficha birika, wataficha pasi. Muulize mtu kama ana pasi ya umeme, utadhani umemuuliza umri wake. Lakini betri haidanganywi. Na fundi akiujua mzigo, yaani vyombo vinavyovuta umeme, akaufunika, huyo namrudisha paa la chini aanze upya, hata kama taa zinawaka."

Mtihani wa mwisho ulikuwa nyumba ya kweli. Kila mwanafunzi atafute familia iliyo tayari, afunge mtambo mzima mwenyewe, kisha mwalimu azime umeme wa nguzo na kuubandika utepe, nyumba ijitegemee mpaka asubuhi. Ikilala na kuamka ikiwaka, umefaulu. Waliofaulu walikuwa wakisubiriwa na mama mmoja mkandarasi, mwenye gari lililobeba ngazi juu. Sindano alikwisha kuliona gari lile likipita barabarani, na alikwisha kujichagulia kiti chake humo. Cha mbele, upande wa dirisha.

Nyumba aliyoichagua ilikuwa ya kaka yake, dereva wa lori, ambaye nyumbani alipajua zaidi kwa simu kuliko kwa miguu. Waliokaa humo siku zote ni wawili: mama yao mzazi, na mke wa kaka, yaani wifi yake Sindano. Mama alilikataa jambo lile tangu mwanzo.

"Binti yangu mtu mzima apande juu ya bati? Majirani waseme nini?"

"Waseme binti yako hana kizunguzungu," wifi akamjibu huku akichambua mchele. "Mama, mwache apande. Umeme wenyewe huu wa nguzo, leo upo kesho haupo. Akianguka, tutamwokota."

Kwa ulimi huo wa wifi, mama akalainika. Sindano hakulisahau deni hilo la maneno.

Siku ya maswali, Mwalimu Wati alikaa kwenye kochi na mikono yake magotini, asikilize tu. Sindano akauliza, mama na wifi wakajibu. Taa za kila chumba. Redio. Runinga. Jokofu dogo. Simu.

"Birika la umeme?"

"Nyumba hii?" mama akafoka. "Tangu siku ile godoro lilipotoboka, vyombo vya moto wa umeme marufuku humu ndani. Tunachemsha jikoni kama watu."

Kisa cha godoro kilijulikana na ukoo mzima. Wifi alisahau pasi ya umeme juu ya kitanda, ikala shuka, ikala godoro, ikawa inautafuta ubao ndipo mama alipoinusa. Nyumba iliponea chupuchupu. Mama aliamuru pasi itupwe siku hiyohiyo.

"Na pasi?" Sindano akauliza, maana ilibidi aulize.

"Ilishatupwa hiyo," wifi akasema.

"Nililiona kwa macho yangu boksi lake likienda jalalani," mama akathibitisha.

Sindano akamtazama wifi yake. Wifi alikuwa mpokeaji wagonjwa kwenye zahanati, na pale kazini walimwita Madamu Mkunjo, kwa sababu mkunjo wa mkono wa sare yake ungeweza kukata nyanya. Sasa basi, mtu mwingine angeweza kudanganywa, lakini si mtu aliyekula jasho la kitambaa miaka yote hiyo. Kile kitambaa cha sare ukikipitishia pasi ya mkaa, kinang'aa kama tako la sufuria. Ukikilaza chini ya godoro, kinapata mikunjo mingine ambayo hukuiomba. Hiki kilikuwa safi, bila mng'ao, na mkunjo wake mmoja tu, umenyooka. Hiyo ilikuwa pasi ya umeme, tena iliyotumika asubuhi hiyohiyo. Jicho la Sindano likahamia kwa mama, likatua kwenye kitambaa chake cha kichwani, nacho kimenyooka hivyohivyo.

"Kitambaa chako kizuri, Mama," akasema. "Unakinyoosha vipi?"

"Nakilaza chini ya godoro," mama akajibu kwa fahari. "Wifi yako ndiye anayenilazia. Mambo ya zamani hayana mfano."

Wifi akainuka ghafla kwenda kutazama sufuria. Mwalimu Wati akajumlisha kichwani alichokisikia, akasema inveta ndogo itatosha.

Sindano akamfuata wifi yake jikoni.

"Wifi, pasi iko wapi?"

"Pasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Mimi kitambaa nakisoma kama wewe unavyosoma cheti cha mgonjwa. Ukiisema pasi, mwalimu atatoa inveta kubwa, utapiga pasi mpaka mapazia. Usipoisema, nyumba itazimika na mimi nitarudi paa la chini."

"Na nikiisema, nitakaa wapi?" wifi akanong'ona, macho yamemtoka. "Mama yako kila mgeni akija, anamsimulia godoro. Kila mgeni! Unataka nimwambie kwamba kitu chenyewe bado kipo chumbani?"

"Kwa hiyo kipo?"

"Sijasema kipo. Pasi sina. Nenda kafunge sola yako."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Sindano hakuwa na moyo wa kuwa hicho kifo. Wifi ndiye aliyempatia paa lile. Angesimamaje sebuleni, amvue nguo mbele ya mama mkwe, kwa ajili ya kiti cha mbele kwenye gari la mkandarasi? Na hapohapo alijua kwamba akinyamaza, anaufunika mzigo, na mwalimu wake alikwisha kusema adhabu yake ni nini. Alikasirika. Alimkasirikia wifi, akalikasirikia godoro, akamkasirikia hata kaka yake huko barabarani, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuoa.

Akapanda paa na hasira yake, na hasira ikamfanyia kazi nzuri. Alifuata misumari, akafunga vyuma, akapandisha paneli na kuziinamisha upande unaopokea jua tangu asubuhi. Akazifunika kwa vifuniko vyake, akaunganisha, akalaza waya kama upindo mpaka chini ukutani. Majirani walitoka kumtazama, na mmoja akauliza kwa sauti kama fundi mwenyewe atakuja lini.

"Ameshafika," Sindano akamjibu kutoka juu. "Sogea kidogo, unamzibia mwanga."

Alipofika kwenye kisanduku cha breka ndipo alipopata wazo. Breka ni kile kiswichi kinachojiangusha chenyewe umeme ukivutwa kupita kiasi. Kwa kawaida breka moja ilitosha soketi zote za nyumba. Sindano akakitenga chumba cha wifi, akakiwekea breka yake peke yake, tena ndogo kuliko zote. Simu itachaji. Taa itawaka. Lakini chombo cha moto kikichomekwa humo, breka itavumilia kidogo, kisha itaanguka, na chumba hicho kitazimika peke yake kabla ya kuiangusha nyumba nzima.

Jioni Mwalimu Wati alikuja kukagua. Akavuta nyaya, hazikulegea. Akachungulia kisanduku.

"Mbona chumba hiki kina breka yake, tena ndogo hivi?"

"Nimekipimia, Mwalimu."

"Umekipimia nini?"

"Kimo chake."

Mwalimu Wati akaguna lile guno lake, akazima umeme wa nguzo na kuubandika utepe. Kabla ya kuondoka, Sindano akamshika wifi yake mkono pale mlangoni.

"Chumbani kwako usichomeke kitu cha moto. Ukichomeka, kitazimika chumba chako peke yake. Nimekuambia."

"Mimi nachomeka simu tu," wifi akasema, akatazama pembeni.

Asubuhi mwalimu na mwanafunzi walikutana getini. Redio ilisikika kutoka nje, na taa ya barazani ilikuwa bado inawaka, japo jua lilikwisha kupanda. Ndani jokofu lilikuwa likiunguruma. Mwalimu Wati akakagua betri, akaitazama inveta, akafungua kinywa chake kwa namna ya mtu anayetaka kutoa habari njema. Sindano alikwisha kulivaa tabasamu la kupokelea.

Hapo ndipo wifi alipotoka chumbani akiwahi kazini, amejifunika sweta zito.

"Sweta la nini na joto hili?" mama akauliza. "Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nahisi baridi tu."

"Jasho linakutiririka, unahisi baridi? Hebu vua, nikuone."

Mkwe hawezi kukataa neno hilo mara mbili. Wifi akavua. Mkono wa kulia wa sare ulikuwa na ule mkunjo wake wa kukata nyanya. Wa kushoto ulikuwa kama umetoka kinywani mwa ndama.

Mama akautazama huu, akautazama ule. "Mkono mmoja umekwenda harusini," akasema polepole, "na mwingine umetoka kulima."

Mwalimu Wati hakucheka. Alikwenda kwenye kisanduku, akakuta breka ndogo imeanguka, akaigusa kwa kidole. Kisha akamgeukia Sindano, na guno halikuwapo safari hii.

"Ulijua?"

Sindano akapima majibu yake mawili. Akisema hakujua, breka inakuwa bahati njema, yeye anapanda gari la mkandarasi, na wifi anabaki na aibu yake peke yake. Akisema alijua, amejihukumu kwa kinywa chake. Alikitamani kile kiti cha mbele. Alikitamani sana.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu sebuleni."

"Na sheria yangu unaijua."

"Naijua, Mwalimu. Lakini sikuufunika mzigo. Niliufungia mahali pake, usidhuru nyumba, na mwenyewe nikamwonya. Na kama unanirudisha paa la chini, nirudishe na hili mkononi: kosa siyo la wifi yangu peke yake. Kosa ni kuulizia sebuleni."

"Sebuleni kuna nini?"

"Kuna mama mkwe!" Sindano akasema, na sauti yake ikawa imerudi yote. "Umetufundisha watu wanadanganya. Sawa. Mbona hukutufundisha kwa nini? Nimewapima watu nguo maisha yangu yote. Unadhani nilikuwa napima viuno vya watu katikati ya duka, wateja wengine wamekaa wanatazama? Ningeambiwa namba za uongo kila siku, na gauni lingepasukia kanisani. Nilikuwa na pazia. Mtu anaingia nyuma ya pazia peke yake, anaacha kuvuta tumbo ndani, ndipo unapima. Sisi tunaingia nyumba za watu, tunamuuliza mkwe mbele ya mama mkwe, halafu tunashangaa betri inatuumbua!"

Redio ikaendelea kuongea, maana haikujua kinachoendelea. Wifi ndiye aliyesogea mbele, na mikono yake miwili isiyofanana.

"Pasi ninayo," akasema, akimtazama mama na si mwalimu. "Sikuitupa, Mama. Nilitupa boksi. Wifi aliniuliza, nikakana. Alinionya mlangoni, nikachomeka. Asirudishwe yeye kwa uongo wangu."

Mkono wa mama ulipanda taratibu mpaka kichwani, ukapapasa kile kitambaa kilichonyooka.

"Kwa hiyo godoro langu nalo lilikuwa linatumia umeme," akasema.

"Samahani, Mama. Ulikuwa unakipenda kikinyooka."

Mama akashusha mkono. Akaonekana kutafuta mahali pa kuanzia ugomvi, asipaone. "Siku nyingine usiache mkono mmoja," akasema mwishowe. "Utatuaibisha huko zahanati."

Mwalimu Wati alikuwa amesimama palepale, kidole bado kwenye breka. Akairudisha juu. Ikalia kidogo, taa ya chumbani kwa wifi ikawaka.

"Nyumba imelala ikiwaka, imeamka ikiwaka," akasema. "Umefaulu. Lakini leo hii utabadilisha inveta, ndogo itoke, kubwa iingie, kwa mkono wako. Na kabla ya kubadilisha, utauliza upya." Akakuna kidevu. "Kwa hilo pazia lako. Mimi nitakaa nje."

Na kweli akatoka, akaenda kukaa barazani, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa chuo kile aliyewahi kuliona. Wifi naye akatoka, mbio zahanati, sweta mkononi.

Sindano akamshika mama yake bega, akamwingiza chumbani kwake, akavuta pazia la mlangoni. Ilikuwa ni kutimiza utaratibu tu, kwani mama mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku.

"Haya, Mama. Tuko wawili. Kuna kitu kingine humu kinachochomekwa?"

Mama akatazama pazia. Akatazama kitanda. Akainama karibu na sikio la binti yake kama anayeungama.

"Kuna birika," akanong'ona. "Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku. Miguu inauma kwenda jikoni, na wewe unajua chai yangu ya usiku."

Sindano aliuma mdomo. Mshonaji hamcheki mtu aliye nyuma ya pazia, na alikwisha kulishika hilo kabla hajawa fundi wa kitu chochote. Lakini akakumbuka jambo, na kicheko kikamwishia chenyewe. Chumba hiki hakikuwa na breka yake. Birika lingechomekwa humu jana, pamoja na pasi ya wifi na jokofu, nyumba nzima ingezimika.

"Mama, na jana usiku?"

"Jana?" Mama akanyoosha kitambaa chake, ingawa kilikuwa kimenyooka tayari. "Jana si ulikuwa na mtihani? Nilikunywa maji baridi."